Hesabu Kamili na Hesabu ya Kukisia

Nataka kusema na wanafunzi, na wenzangu tuliokwisha kutoka shuleni, juu ya hesabu. Tafadhali msifunue ukurasa mwingine upesi!

Usiku mmoja hapa Gurei mtoto wa dada yangu alichemka mwili. Tulikuwa na kipimajoto alichotuletea jamaa yetu kutoka Marekani, chenye namba za Fahrenheit tu. Nikasoma 102. Nami, niliyesifiwa sana darasani kwa hesabu za kichwa, nikatumia njia ya mkato: toa 30, gawa kwa 2. Nikapata Celsius 36. Nikamwambia dada, "Hana homa, mlaze."

Akanijibu, "Kaka, hebu mguse kwanza."

Nilipomgusa nilinyamaza. Kulipopambazuka tukampeleka zahanati, akaonekana ana malaria, akatibiwa, akapona.

Hesabu kamili ni hii: toa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9. Basi 102 ni 38.9, wala si 36. Njia ya mkato haikutungwa na mwongo. Celsius 10 huipa Fahrenheit 50 barabara, lakini hiyo ni baridi ya Ulaya. Kadiri joto lipandavyo ndivyo inavyozidi kupotoka. Shule zetu zilipofungwa kwa sababu ya joto Machi 2024, ilitazamiwa lifike Celsius 45. Hiyo ni Fahrenheit 113. Mkato wasema 120.

Lakini yuko na mkosaji wa pili, ambaye walimu humpa alama zote. Huyu huandika 38.8888889, kama mashine ilivyomwonyesha. Kanuni ni kamili, kweli, ila ile 102 niliisoma kwa macho yangu, kwa mwanga wa tochi, mtoto akilia na kujitupa. Zile 8 zote zimetoka wapi?

Hata wakubwa wamenaswa hapo. Mwaka 1868 daktari Mjerumani, Carl Wunderlich, alitangaza kwamba joto la kawaida la mwili wa mtu ni Celsius 37. Waliotumia Fahrenheit wakaigeuza, ikawa 98.6, na watu wakaiamini ile nukta 6 kana kwamba imepimwa kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1992 waganga wa Marekani walipopima upya walipata wastani wa 98.2. Na hata huo ni wastani tu: joto la mtu huwa chini asubuhi na hupanda jioni.

Na ile 45? Ilikuwa ya kutazamiwa, tena joto la hewa hupimwa kivulini. Aliyepata kuketi chini ya mabati saa nane mchana ajua kwamba darasani kuna namba yake nyingine.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu wa hesabu: alama moja iwe ya kanuni, na ya pili iwe ya mwanafunzi kueleza jawabu lake laaminika kwa kiasi gani. Wako watakaosema hilo ni somo la fizikia. Mimi sikubali, maana usiku ule sikuwa na fizikia mkononi, nilikuwa na kutoa na kugawa tu.

Kipimajoto kile tungali nacho. Nimekibandika karatasi yenye kanuni kamili. Dada yangu haitazami. Hugusa paji la uso la mtoto kwanza, kisha huniita nisome.