Riba sifuri si bure: piga hesabu kabla ya kupokea funguo



Tangazo umeliona. Limekuja kwa simu yako, limebandikwa pia kwenye yadi za magari: gari kubwa la matembezi, viti vinane, paa la kufunguka, nafasi ya kulaza godoro nyuma. Chini yake kwa herufi kubwa: RIBA SIFURI, LIPA MIEZI 18. Na tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 na kupiga kambi Naivasha, kila msimu ukikaribia kijana anataka gari la kulala nje na marafiki. Mzazi naye anawaza kuwapeleka watoto Bogoria wakaone maji ya moto yakifoka. Hakuna ubaya hapo. Matembezi ya halali ni neema.

Lakini wengi wetu tukiona maneno "riba sifuri" tunafunga macho na kutia sahihi. Tunaona mlango wa haramu umefungwa, basi kazi imekwisha. Ndugu yangu, hapo ndipo unapoliwa.

Hebu tupige hesabu pamoja. Huu ni mfano tu, weka namba za yadi yako.

Tangazo linasema gari ni shilingi 1,500,000. Unatoa 600,000 mwanzo, unabaki na 900,000, yaani 50,000 kila mwezi kwa miezi 18. Riba hakuna. Safi kabisa. Sasa mtume rafiki aende yadi hiyo hiyo aulize: "Nikileta keshi leo, mwisho ni ngapi?" Anaambiwa 1,350,000. Kumbe kuna 150,000 imejificha ndani ya bei. Halafu kuna ada ya kushughulikia fomu, 30,000, na kifaa cha kufuatilia gari, 25,000, ambavyo mwenye keshi haguswi navyo. Jumla 205,000.

Ulikuwa umepungukiwa 750,000 tu kufikia bei ya keshi. Kwa kukopeshwa hizo, umelipa 205,000 juu yake. Na kumbuka deni linapungua kila mwezi, hukukaa na hizo pesa zote kwa miezi 18. Ukihesabu vizuri, gharama yake inapita asilimia 30 kwa mwaka. Na bado hatujataja bima kubwa unayolazimishwa kukata mpaka umalize deni. Sifuri gani hiyo?

Tuseme ukweli pia kwa upande wa pili. Muuzaji kuweka bei ya awamu juu kuliko ya keshi si haramu kwa sababu hiyo peke yake. Mwaka 1990 Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikutana Jeddah likaamua kwamba inaruhusiwa, bora bei ikatwe moja ijulikane kabla ya kuachana. Lakini baraza hilo hilo likasema ukichelewa kulipa, haijuzu kuongezewa deni, hata kama mliandikiana. Kwa hivyo swali la kumuuliza muuzaji si "kuna riba?" Muulize: "Nikichelewa siku tano, inakuwaje?" Kama jibu ni asilimia fulani kila siku au kila mwezi, basi riba ipo, imekaa ukurasa wa nne inakungoja uteleze.

Na kuteleza ni rahisi. Mtu wa karibu yangu alichukua gari kwa mpango kama huu. Alilipa mwaka mzima bila kukosa. Biashara ikayumba, akakosa miezi miwili. Gari lilizuiwa pale Salgaa, yeye na familia wakiwa ndani wanaelekea harusini. Walishushwa na mabegi kando ya barabara, malori yakipita. Deni lilikuwa limebaki dogo kuliko alilokwisha lipa, lakini faini na gharama za madalali zililifufua.

Je, sheria inasemaje? Sheria ya kununua kwa awamu, Sura ya 507 ya Sheria za Kenya, inasema ukishalipa theluthi mbili ya bei, mwenye mali hawezi kukunyang'anya hivi hivi, lazima aende mahakamani. Ni kinga kubwa. Ila wajanja wanaijua. Ndiyo maana mikataba mingi haiandikwi hivyo. Inaandikwa kama mkopo wa kawaida, na logbuku inashikwa kama dhamana. Hapo wewe unaangukia sheria nyingine, ile ya dhamana za mali inayohamishika ya mwaka 2017, na kinga ya theluthi mbili huipati. Kwa hivyo soma kichwa cha mkataba kabla ya kusoma bei.

Katiba nayo, Ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu anachonunua. Kuomba karatasi inayoonyesha bei ya keshi, bei ya awamu, ada zote na adhabu ya kuchelewa si usumbufu. Ni haki yako. Yadi ikikataa kukuandikia, imeshakujibu.

Kuna wanaosema: "Si nitalikodisha kwa watalii, lijilipe lenyewe?" Pole pole. Gari la kubeba watalii kwa malipo linataka leseni ya abiria na bima yake. Ukilikata bima ya gari la nyumbani halafu upate ajali na wageni Hell's Gate, kampuni ya bima itakuwa na sababu ya kukukana. Na msimu wa mvua wageni wanapungua, ilhali ile 50,000 haijui mvua wala kiangazi.

Basi ni lini uchukue? Kama bei ya keshi na ya awamu ni moja kweli, au tofauti yake umeijua ukairidhia. Kama hakuna nyongeza ya kuchelewa. Kama una akiba ya miezi mitatu ya malipo kando. Na kama gari utalitumia mara nyingi. Hapo chukua, Mungu akubariki. Pia ulizia benki zinazouza kwa murabaha, ambazo zimekuwepo nchini tangu 2008, ulinganishe. Usiwape pasi kwa ajili ya jina tu. Nao waulize maswali yale yale.

Kama utalitumia wikendi nane kwa mwaka, kodi. Hata ukikodi kwa 12,000 kwa siku, siku 16 ni 192,000. Awamu za mwaka mmoja ni 600,000, bila mafuta, bila bima, bila fundi. Watoto wakifika Bogoria hawatauliza logbuku ina jina la nani.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu kuandika deni. Haikushushwa kwa ajili ya mabenki. Ni yako wewe unayesimama kwenye yadi ukishika kalamu, na nyuma yako muuzaji anakuambia ofa inaisha leo jioni.

Ofa ikiisha leo, nyingine itakuja mwezi ujao. Rudi nyumbani, kaa na mke au mume wako, pigeni hesabu.

Mtumie ujumbe huu yule unayemjua ameshaanza kuchagua rangi.