Tuwarudishie Wananchi Usiku Wao

Katika neema alizogawiwa mwanadamu, usingizi ni neema isiyobagua. Hauangalii cheo wala mali. Mkata mkonge aweza kulala vizuri kuliko mwenye shamba. Mtoto wa chuoni anayeanza Juzuu Amma hukutana na usingizi mapema, ukihesabiwa miongoni mwa fadhila za Mola kwa viumbe wake. Lakini dunia ya leo haiachi kitu bila kukitafutia soko. Mwenye simu wa Korogwe au Handeni, sawasawa na mwenye simu wa Wete au Mkokotoni, aweza kupata sauti zinazoitwa za mawimbi ya ubongo, zinazonadiwa kwamba ukizitia masikioni usiku, usingizi uliokukimbia utarudi.

Jambo hili lina elimu ya kweli ndani yake, lina biashara, na lina hatari ya kutusahaulisha wajibu wetu. Yafaa yote matatu yatenganishwe.

Tuanze na elimu. Mwaka 1924 daktari mmoja wa Jena, nchini Ujerumani, Hans Berger, alifaulu kunasa umeme wa ubongo wa binadamu, na mwaka 1929 akaitangazia dunia habari hiyo. Tangu hapo imejulikana kwamba ubongo una mawimbi yake. Mtu aliyefumba macho na kutulia, mawimbi yake huwa kiasi cha 8 hadi 13 kwa sekunde. Akizama katika usingizi mzito, hupungua hadi chini ya 4. Kabla ya Berger, katika karne ya 19, Mjerumani mwingine, Heinrich Wilhelm Dove, alikuwa amegundua ajabu nyingine. Sikio moja likipewa sauti ya mitetemo 200 kwa sekunde, na la pili likipewa sauti ya mitetemo 204, msikilizaji husikia mdundo wa mara 4 kwa sekunde ambao haumo katika sikio lolote. Ubongo wenyewe ndio unaoutunga.

Wauzaji wa sauti wameyafunga mambo haya mawili katika kamba moja. Wanasema: mpe mtu mdundo wa polepole, na ubongo wake utaufuata kama mchezaji anavyofuata ngoma, naye atalala. Swali ni moja tu: je, ubongo huufuata? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2023 ulikusanya tafiti 14 zilizopima jambo hilo hilo. Tafiti 5 zilikubali, 8 zilikataa, na 1 haikuegemea upande wowote. Kwa ushahidi wa namna hiyo, hakuna hakimu mwadilifu awezaye kusema kwamba dai limethibiti.

Ni kweli pia kwamba mwaka 2013 wataalamu wa Ujerumani walionyesha kuwa sauti fupi, zikipigwa sambamba kabisa na mawimbi ya mtu aliyekwisha kulala, huyatia nguvu mawimbi hayo. Lakini mtu huyo alikuwa amefungwa nyaya kichwani, na mashine ilingojea kila wimbi kabla ya kupiga sauti. Simu iliyo juu ya mto haijui kama mwenyewe amelala, yu macho, au anawaza deni la ada ya shule.

Hatusemi kwamba sauti haina nguvu. Mama wa Kizigua na mama wa Kisambaa wamewalaza watoto kwa bembelezi tangu enzi, wala hawakungoja daktari wa Jena awape ruhusa. Mtu mzima anayetulizwa na kisomo cha taratibu au mlio wa mvua asikilize, mradi asipoteze fedha zake na asiache tiba. Tunachokikataa ni fikra kwamba kukosa usingizi ni ila ya mtu mmoja na masikio yake mawili, na kwamba jamii na viongozi wake hawana la kujibu.

Natuangalie hali ilivyo katika wilaya hizi mbili za Mkoa wa Tanga. Korogwe imekaa katika barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya katazo la zaidi ya miongo miwili. Ruhusa hiyo ina faida kwa abiria na kwa biashara. Lakini basi linapokesha, hakeshi dereva peke yake. Hukesha mama lishe, hukesha kijana wa bodaboda, hukesha muuza matunda. Na dereva aliyelala saa tatu katika siku mbili hawezi kuokolewa na sauti yoyote ya simu. Kinachoweza kumwokoa yeye na abiria wake ni ratiba yenye zamu ya kweli, dereva wa pili aliyepumzika, na mkaguzi asiyefumba macho.

Tupande Handeni. Huko mwizi mkubwa wa usingizi kwa miaka mingi amekuwa ni uhaba wa maji. Mradi wa HTM, uliojengwa katika miaka ya 1970 ili kuyavuta maji ya Mto Pangani kutoka Korogwe, ulichakaa huku watu wakiongezeka, na kina mama wakawa wanaamka usiku wa manane kuwahi foleni ya ndoo kisimani. Mradi wa maji wa miji 28 umezihusisha Handeni na Korogwe, nao wapaswa kusimamiwa kwa jicho kali. Mhandisi na mkaguzi wa hesabu wakumbuke kwamba kila bomba linalotoa maji mchana ni saa ya usingizi iliyorudishwa kwa mama mmoja.

Tena yupo mbu, ambaye naye ana wimbo wake sikioni. Korogwe ina kituo cha utafiti cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na watafiti wa malaria wamefanya kazi katika vijiji vyake miaka mingi. Chandarua chenye dawa humkinga mtu na homa, na papo hapo humpa usiku wa utulivu.

Mwananchi wa visiwani aweza kuuliza: ya Handeni na Korogwe yatuhusu nini? Yanatuhusu sana, maana mwizi ni yule yule. Wakazi wa Unguja hawajasahau miezi mitatu ya giza, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, jenereta zilipokuwa zikinguruma usiku kucha madirishani. Pemba ilipounganishwa na umeme wa Tanga kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010, tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini umeme ule ule unaowasha taa ya hospitali huwasha pia spika ya harusi hadi alfajiri. Katika pwani yote tumezusha shughuli za usiku zinazoitwa vigodoro. Ni jina la kustaajabisha: godoro latajwa, na mtaa mzima haulali!

Sheria ipo. Bara ina Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015. Zanzibar ina Sheria yake ya Mazingira ya mwaka 2015. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kwa nchi za Ulaya, lilishauri kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi desibeli 40, na masikio ya Mzungu hayakuumbwa tofauti na yetu. Lakini kanuni iliyofungiwa kabatini haimlazi mtu. Sheha, mtendaji wa kijiji na mkuu wa kituo cha polisi ndio wa kuitoa kabatini, bila kumwogopa mwenye harusi kwa kuwa ni tajiri au ni kiongozi.

Kadhalika, wahudumu wa afya wana kazi. Mtu anayekosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa wiki, kwa muda wa miezi mitatu, ana maradhi na astahili kutibiwa. Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa Marekani kilipendekeza tiba ya kubadili mazoea na fikra itangulie vidonge. Misingi yake haihitaji mitambo: kuamka saa ile ile kila siku, kutokaa kitandani ukiwa macho, bali kuondoka na kurudi usingizi unapokuja, kutumia kitanda kwa kulala, si kwa simu. Na wenzetu wa barazani wakumbuke kwamba kahawa ya baada ya sala ya isha bado imo mwilini saa sita za usiku.

Mafunzo hayo twaweza kuyafikisha kila kijiji, kwani tumewahi kufanya kazi kubwa kuliko hiyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili wa Bara katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza pamoja, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Hiyo nayo ilikuwa sauti masikioni, ila ilikuwa sauti iliyowaunganisha watu na kuwaondoa vitini. Redio zetu za Bara na Visiwani zikiandaa vipindi vya namna hiyo juu ya usingizi, vitasikilizwa.

Ndugu viongozi, mwananchi akitia sauti ya mvua masikioni ili asiisikie spika ya jirani, simu yake imefanya kazi iliyokuwa yetu. Tuifanye wenyewe. Tuzime spika, tufikishe maji, tumpe dereva zamu yake, na tuache usiku uwe usiku.