Chuma huuzwa kwa kilo, nondo kwa kipande

Plau zilizochakaa na vyuma vibovu vya Kilosa huuzwa kwa kilo, kisha chuma hurudi dukani kama nondo inayouzwa kwa kipande. Hapo ndipo mkulima anapoweza kupunjwa.

Viwanda vingi vya nondo nchini hutegemea chuma chakavu. Tanuru la umeme hukiyeyusha kwenye nyuzijoto zaidi ya 1,500. Uji wake humiminwa kwenye kalibu ya shaba inayopozwa kwa maji. Ganda la nje likishika, gogo la mraba huvutwa chini mfululizo, likimwagiwa maji, ndipo hukatwa. Zamani kila kalibu ilijazwa peke yake, na chuma kingi cha nchani kilikatwa na kurudishwa tanuruni.

Gogo hupita kwenye rola hadi kuwa nondo. Rola zikibana zaidi kidogo, gogo lilelile hutoa nondo nyingi, ila nyembamba.

Mnunuzi wa chakavu hukata bei kwa udongo na kutu, na ana haki. Lakini nondo ya milimita 12, urefu mita 12, inapaswa kuwa na takriban kilo 10.7. Mwenye duka Kilosa au Mikumi anayo mizani ya mahindi, aipandishe hapo.