Chuo kimoja tu, mdogo wetu?



Julai ya 2024 tulikwenda Mwamgongo kumsindikiza bwana harusi wetu wa hapa kisiwani. Ukifika Kigoma unapanda boti Kibirizi, unapita Gombe mkono wa kulia, ndipo unashuka kijijini. Harusi ilipendeza, mashallah, na dumu la mawese tulilofungashiwa bado tunalipikia.

Usiku wa hina, wakati bi harusi anapakwa, mdogo wake alikaa pembeni na simu akijaza maombi ya chuo. Kamaliza kidato cha sita, PCB, na kafaulu vizuri. Anataka udaktari. Tukamuuliza kaomba wapi. Muhimbili. Na wapi tena? Basi, Muhimbili tu, kwa sababu mjomba yuko Dar es Salaam. Wasipokuchukua?

“Nitaolewa kama dada,” akacheka. Mama yake hakucheka.

Sisi hatuna ugomvi na ndoa. Harusi ndizo chakula chetu hapa. Lakini msichana aolewe kwa kuwa kapenda kuolewa, si kwa kuwa fomu iliandikwa chuo kimoja.

Kosa tunaloliona kila mwaka ni hili: msichana anasoma vigezo vya chini vya kuingilia, anaona anavyo, anadhani kashapata. Vigezo hivyo vinakuruhusu kuomba tu. Wanaochaguliwa ni wachache kati ya wengi wenye alama kama zako au zaidi. Kitabu cha mwongozo cha TCU kinaonyesha nafasi za kila kozi. Ziangalie kabla ya jina la chuo. Udaktari huohuo unasomeshwa Chuo Kikuu cha Dodoma, unasomeshwa Bugando kule Mwanza, na hapa kwetu SUZA. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, utathibitisha kimoja. Hakuna anayekuadhibu kwa kuomba vitatu.

Ila pesa, jamani. Kila ombi lina ada yake, vyuo vingi ni kama shilingi 10,000, na ombi la mkopo wa HESLB ni jambo la peke yake lenye gharama yake. Baba wa binti huyu ni mvuvi, na mwaka ule wa 2024 ziwa lilifungwa tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Dirisha la vyuo lilipofunguliwa Julai, mtumbwi ulikuwa umelala mchangani. Tunaposema “omba vyuo vitano” tukumbuke tunasema na nani. Kwa nyumba kama hii vitatu vinatosha, vikipangwa kwa akili: kimoja cha kutamani, kimoja unachokitarajia, na kimoja ambacho ungekwenda kwa moyo mweupe hata kama hukukiota.

Mama hofu yake ilikuwa safari. Binti, peke yake, siku na usiku kwenye treni? Wako wanaomcheka mama kama huyu, sisi hatumcheki. Hapo Gombe, jirani zake kabisa, Jane Goodall alipokuja Julai 1960 akiwa na miaka 26, wakubwa wa serikali ya kikoloni walikataa akae porini peke yake. Mama yake, Vanne, akaja naye, akakaa miezi kadhaa mpaka mwanawe akazoea. Hofu ya mama ina dawa: msindikize, uyaone mabweni ya wasichana kwa macho yako, uwajue wenzake. Treni ya reli ya kati inafika Dodoma kabla ya Dar es Salaam, na hiyo nayo ni sababu halali ya kuchagua. Suala la maharimu mpelekeeni mwanachuoni mnayemwamini, lakini sasa, si wiki ya kuripoti.

Na nyinyi mabibi harusi wetu watarajiwa mliokwisha kuposwa: mwambieni mchumba mnaomba wapi kabla hamjabonyeza kutuma. Kama kusoma ni sharti, lisemwe mbele ya walii na mashahidi, liandikwe. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa masharti ya ndoa yana haki kubwa ya kutimizwa, na anayelikubali kwa mdomo barazani hana sababu ya kukimbia kalamu. Wengine mtafaa Chuo Kikuu Huria, unasoma huku unalea, na kina kituo Kigoma. Lakini udaktari hausomwi jikoni. Usiambiwe “utasoma hukohuko nyumbani” ukaridhika.

Tulikesha naye mpaka mtandao ukakubali. Muhimbili, Dodoma, SUZA. Ada mbili za mwanzo alikuwa nazo. Ya tatu, noti ya elfu kumi, bi harusi aliichomoa kwenye pesa alizotuzwa, akaitoa kwa ncha za vidole hina isiharibike.