Mtoto Anapobaki Peke Yake: Tulilojifunza kwa Samaki wa Gemu

Mwezi huu hatutazungumzia minyoo wala chanjo. Tunataka kuzungumza juu ya samaki, tena si samaki wa sokoni, bali samaki aliye ndani ya gemu ya watoto. Usigeuze ukurasa, mama. Hata sisi tulianza kwa kudharau, tukaishia kujifuta machozi kwa kanga.

Miaka michache iliyopita kijana wetu wa mwisho, akiwa na miaka kumi, alihamia shule mpya. Shangazi yake akamletea kimashine cha gemu cha mkononi, kilichokwisha kutumika, chenye mchezo uitwao Pokémon Moon. Muhula haukufika katikati tukaanza kuona mambo. Anarudi kutoka shule na njaa kama mtu aliyefunga, ingawa asubuhi tumempa hela ya kula. Jumatatu asubuhi tumbo linamwuma, Jumamosi tumbo haliumi. Usiku tukiwa zamu, dada yake anatuambia kwamba mdogo wake anacheza gemu chini ya shuka mpaka saa sita.

Sisi ni muuguzi. Tumeona watoto wengi wa tumbo la Jumatatu, na mama zao tumewapa ushauri mzuri. Lakini wahenga walisema mganga hajigangi. Ya kwetu hatukuyaona.

Siku moja mama mwenzetu wa kanisani akatuonya kwamba ndani ya gemu ile mna samaki anayegeuka umbo, na kwamba anaitwa pepo wa bahari. Tulipofika nyumbani hatukuuliza neno. Tukakitwaa kimashine, tukakifungia kabatini, ufunguo tukautia kwenye mkoba wa kazini. Kijana hakulia mbele yetu. Siku ya tatu yake, tuliporudi kutoka zamu ya usiku, tulimkuta ameketi sakafuni mbele ya lile kabati, amevaa sare, hataki kwenda shule. Tukamwuliza kulikoni. Akasema, "Mama, samaki wangu amebaki peke yake."

Hapo tukavua viatu tukakaa chini naye.

Samaki huyo ni nani?

Kwa ajili ya mama ambaye hajui, Pokémon ni michezo iliyoanza Japani mwaka 1996. Aliyeibuni ni Satoshi Tajiri, ambaye utotoni alipenda sana kukusanya wadudu. Mchezaji anazunguka porini na majini akikamata viumbe vya kubuni, anavilea, na anavishindanisha na vya wenzake. Kwanza viumbe hivyo vilikuwa 151. Leo vimepita 1,000.

Samaki wa kijana wetu anaitwa Wishiwashi. Aliingia katika michezo ya Pokémon Sun na Pokémon Moon, iliyotoka Novemba 2016, na anapatikana katika visiwa vya Alola, vilivyobuniwa kwa kufuata visiwa vya Hawaii. Kwa Kijapani anaitwa Yowashi, jina linalounganisha neno la udhaifu na neno iwashi, yaani dagaa wa baharini. Hata katika maandishi ya Kijapani alama ya iwashi imeundwa na alama mbili: samaki na dhaifu.

Na kweli ni dhaifu. Urefu wake ni sentimita 20 na uzito wake gramu 300. Ni mtamu, kila mkubwa wa baharini anamtaka. Nguvu yake ya kushambulia ni 20 na ya kujikinga ni 20, namba ndogo sana. Lakini akiwa taabani macho yake hulowa na kung'aa, na wenzake wanaiona nuru ile wanakuja. Wanajipanga mmoja hapa mwingine pale mpaka wanakuwa samaki mmoja mkubwa sana, urefu mita 8.2. Nguvu ya kushambulia inapanda hadi 140 na ya kujikinga hadi 130. Waliokuwa wanamwinda sasa wanamkimbia.

Sisi tuliosikia habari za wavuvi wa Ziwa Tanganyika tulilielewa jambo hili upesi. Usiku wa giza wavuvi hutoka na taa, na dagaa huja kwenye mwanga kwa maelfu. Na huko kukaa kwa makundi si hadithi ya gemu. Samaki wadogo wana mstari ubavuni wenye hisia, ambao huwajulisha mwenzao akigeuka, nao wakageuka pamoja. Samaki mkubwa anayewinda huchanganyikiwa, hajui amshike yupi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na dagaa mmoja ni tonge la mtu.

Kijana akatuonyesha jambo ambalo tusingeliona wenyewe. Uhai wa msingi wa Wishiwashi ni 45 akiwa peke yake, na akiwa na wenzake ni 45 vilevile. Kundi linampa nguvu na kinga, lakini uhai haliongezi. Na mwendo wake unapungua, kutoka 40 hadi 30, kama mtu anayetembea na ndugu zake barabarani, hawezi kukimbia.

Mbona wanamwacha?

Sasa sikia sheria mbili za samaki huyu, mama. Ya kwanza, kabla hajafika kiwango cha 20 wenzake hawaji kabisa. Anapigana peke yake. Ya pili ndiyo iliyomwumiza mtoto wetu. Hata akishakua, uhai wake ukishuka hadi robo, wenzake wanatawanyika. Yule samaki mkubwa anapotea, na katikati ya maji anabaki dagaa mmoja mwenye majeraha, mbele ya adui yule yule.

"Mama," akasema, "mbona wanamwacha akiwa karibu kufa? Si ndiyo saa ya kumsaidia?"

Tulikosa jibu. Wahenga wametuachia neno kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na huyu samaki marafiki zake ni wa saa ya shibe. Wodini tumeona mengi ya namna hiyo. Mama akijifungua salama, kitanda kimezungukwa na mashangazi na vikapu vya uji. Akilazwa wiki ya tatu na kidonda hakikauki, anabaki yeye na ukuta.

Tukamwuliza kama basi ndiyo mwisho wa samaki. Akatikisa kichwa. "Hapana. Ukimpa dawa, uhai ukipita robo, wanarudi. Lakini lazima kwanza mtu ampe dawa." Tukamwuliza nani anampa. Akatutazama kama tumeuliza swali la kijinga. "Mwenye samaki."

Basi tukapata ujasiri wa kumwuliza lile tulilopaswa kuuliza tangu mwanzo wa muhula. Na wewe mwanangu, umebaki na kiasi gani? Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Labda robo. Labda haifiki."

Tulimvua shati. Mgongoni alikuwa na alama za zamani zilizogeuka rangi ya njano, na nyingine mpya za bluu. Mama msomaji, sisi huogesha watoto wa watu, tunawageuza, tunaandika kila alama kwenye faili. Mgongo wa mtoto wetu hatukuwa tumeutazama kwa miezi miwili, kwa kuwa alikuwa amekua na anaoga mwenyewe.

Habari ikatoka kidogo kidogo. Wavulana watatu wa darasa la juu walimngoja nyuma ya vyoo kila siku wakachukua hela yake ya kula. Alikuwa na marafiki wawili. Siku ya kwanza ya kupigwa marafiki walikimbia, na tangu siku ile hawakukaa naye tena.

Tulilofanya

Tulikwenda shuleni na baba yake. Mara ya kwanza tuliambiwa kwamba watoto ndivyo walivyo, watazoeana. Tukarudi wiki iliyofuata tukiwa na karatasi yenye tarehe, saa na mahali, kama tunavyoandika ripoti ya zamu. Safari hii mwalimu wa darasa alisoma mpaka mwisho. Wazazi wa wale wavulana waliitwa, na mwalimu wa zamu akawekwa kule nyuma saa ya mapumziko.

Hatutakudanganya kwamba mambo yalinyooka siku ile. Mmoja wa wavulana aliendelea na vitisho hadi mwisho wa muhula, na tulirudi shuleni mara ya tatu. Wale marafiki wawili, mmoja hakurudi. Wa pili tulimwomba kwa mama yake aje Jumamosi kula wali kwetu. Alikula kimya, halafu akamwambia mtoto wetu kwamba siku ile alikimbia kwa kuwa na yeye aliogopa. Wakaenda kucheza gemu. Kimashine tulikuwa tumekirudisha, kwa masharti ya saa moja kwa siku, sebuleni, taa ikiwaka.

Je, gemu ni ya pepo?

Mama mwenzetu alituonya kwa upendo, tunamshukuru. Ni kweli maelezo ya gemu yanalisifu kundi la samaki hao kuwa ni pepo wa bahari, kwa maana ya kitisho cha baharini. Tulikaa na kijana tukaucheza mchezo mbele yake, hatukuona ibada yoyote mle. Kila mama atapima mwenyewe, lakini apime baada ya kuketi na mtoto na kutazama. Sisi tulihukumu kwanza, na tulipofunga kabati tulimfungia mtoto mlango wake wa mwisho wa kusema.

Hatari ambayo muuguzi anaweza kuishuhudia ni nyingine. Tarehe 16 Desemba 1997 kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon katika televisheni ya Japani kilionyesha mwanga mwekundu na wa bluu ukimweka kwa kasi. Watoto 685 walipelekwa hospitali, baadhi wakiwa na mishtuko. Wengi walipata nafuu upesi, na katuni ilisimamishwa kwa miezi minne. Macho na ubongo wa watoto wachache haviwezi kustahimili mwanga wa kumweka. Kwa hiyo mtoto asicheze gizani wala chini ya shuka, na asiinamie kioo. Kama ana historia ya kifafa, mwulize daktari kwanza.

Akianguka na kukakamaa, ondoa vitu vigumu karibu naye, weka nguo laini chini ya kichwa, mlaze kwa ubavu, na usimtie kitu mdomoni, iwe kijiko au maji. Tazama saa. Ikipita dakika tano, mkimbize hospitali.

Mama, tufanye nini?

Kwanza, uliza kabla ya kunyang'anya. Mtoto anayeng'ang'ania kitu kimoja kupita kiasi huenda ana kitu kingine anachokikimbia.

Pili, mtazame mwili. Hata akiwa mkubwa, tafuta njia ya heshima ya kuona mgongo na mikono yake.

Tatu, zijue dalili: tumbo au kichwa cha siku za shule tu, njaa isiyolingana na hela uliyompa, madaftari yaliyochanika, kukojoa kitandani kulikorudi, jina la rafiki ambalo halitajwi tena.

Nne, usimwambie avumilie, wala usimwambie arudishe ngumi. Andika tarehe na matukio, nenda kwa mwalimu, na kama hakusikia, rudi.

Tano, usingoje marafiki waje kumponya. Marafiki ni kundi, na kundi huja likiona nuru. Mtoto aliyeshuka chini ya robo hana nuru ya kuwaita. Mpe dawa wewe kwanza: mpe chakula, usingizi, na saa moja ya kusikilizwa bila kukemewa. Akipanda kidogo, ndipo umtafutie mwenzake mmoja wa kula naye wali.

Na wewe mwenyewe, mama unayesoma, huenda leo uko chini ya robo na wale waliokuzunguka wametawanyika. Usione haya kusema. Mwambie mama mmoja unayemwamini, au muuguzi wa zahanati yako. Nasi tulio wazima, tuwatazame wenzetu ambao hawaonekani tena kwenye vikao vyetu, tuwapelekee uji katika wiki ya tatu, mashangazi wakiwa wamekwisha kwenda.

Kijana wetu sasa ametupita kwa kimo, na kimashine kile kimekaa kabatini bila kufungiwa. Juzi, tukiwa tunachambua dagaa kwa ajili ya mchana, alipita jikoni akaokota mmoja, akamweka kiganjani, akacheka. "Mama, huyu ni wa kiwango cha chini ya 20," akasema, akamrudisha sinianini na wenzake.

Tukutane mwezi ujao, ukurasa huu huu.