Jina Moja, Akaunti Moja

Wengi wetu tuna akaunti mbili au tatu za barua pepe: ya kazi, ya biashara na ya binafsi. Ukizifungua zote kwenye Thunderbird au Outlook, ni rahisi kudhani zimeungana. Hapana. Kila akaunti ina orodha yake ya majina na kalenda yake. Muuzaji wako wa jumla akibadilisha laini, unasahihisha nambari kwa akaunti moja, ya zamani inabaki kwa nyingine. Siku ya kulipa, simu inakuletea jina lilelile mara mbili. Utatuma kwa ipi?

Maoni yetu: kila jina likae kwa akaunti moja tu. Wateja na wauzaji, ya biashara. Familia, ya binafsi. Nakala za ziada, futa.

Kalenda ziache tofauti, kila moja na rangi yake, ila uzitazame pamoja. PAYE hulipwa kufikia tarehe 9 ya kila mwezi, VAT tarehe 20. Ukiziona kando ya karo na kodi ya nyumba, unajua mapema ni pesa gani usiguse. Usiziandike kwenye kalenda iliyo ndani ya kompyuta pekee: hiyo haifiki kwa simu, na mashine ikiharibika, imepotea.

Na hata orodha ikiwa safi, soma jina kabla ya kuweka PIN.