Sheha, diwani au meya: nani hasa anaongoza mtaa wako?

Taka zikirundikana, taa ya njia ikizima au mtoto akihitaji barua ya utambulisho, mkaazi wa Unguja huanza kwa sheha. Mara nyingi hapo ndipo anapoambiwa, "Hili si langu, nenda kwa diwani." Tumeona ni vyema tueleze nani ana kazi gani, maana asiyejua mlango wa kubisha huzungushwa siku nzima.

Zanzibar ina njia mbili za utawala zinazokwenda sambamba. Kila moja ina sheria yake, na zote mbili ni za mwaka 2014: moja ya tawala za mikoa, nyingine ya serikali za mitaa.

Njia ya kwanza inashuka kutoka juu. Rais wa Zanzibar anamteua mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya. Chini yao yupo sheha, ambaye naye anateuliwa, hapigiwi kura. Sheha anatunza amani ya shehia, anaweka kumbukumbu za wanaozaliwa na wanaofariki, na anathibitisha nani ni mkaazi. Kazi hii ya mwisho ni nzito, kwa sababu bila ya uthibitisho wa ukaazi ni vigumu kupata kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na kitambulisho hicho kinahitajika katika uandikishaji wa wapiga kura. Ndiyo maana malalamiko juu ya masheha hujitokeza kila uchaguzi unapokaribia.

Njia ya pili inapanda kutoka kwa mpiga kura. Siku ya uchaguzi mkuu Mzanzibari hupiga kura tano: Rais wa Tanzania, mbunge, Rais wa Zanzibar, mwakilishi na diwani. Diwani anawakilisha wadi katika baraza. Madiwani hupitisha bajeti na sheria ndogo za masoko, leseni, maegesho na usafi. Katika manispaa, wao ndio wanaomchagua meya miongoni mwao. Lakini ofisi, wafanyakazi na fedha za kila siku viko mikononi mwa mkurugenzi, ambaye ni mteule.

Kwengine wamepanga vyengine. Tanzania Bara, mwenyekiti wa kijiji au mtaa anachaguliwa na wakaazi. Mara ya mwisho ilikuwa Novemba 2024. Brazil, katiba ya 1988 imeipa manispaa hadhi yake ndani ya shirikisho, na wananchi humchagua meya moja kwa moja kila miaka minne. Katika mji wa Porto Alegre, kuanzia 1989, wakaazi walikaa vikao vya mitaa kuamua sehemu ya bajeti itumike wapi: lami, mitaro au skuli.

Kwetu, tofauti hii inaonekana wazi kwenye taka. Taka za mjini hupelekwa jaa la Kibele, Wilaya ya Kati. Anayezitoa taka Darajani ana diwani wake mjini. Anayeishi jirani na jaa ana diwani mwengine, katika baraza jengine na mkoa mwengine. Mkaazi wa Kibele hawezi kumwadhibu kwa kura diwani wa mjini. Lalamiko lake lazima lipande hadi serikali kuu, ambako ndiko mikoa miwili inakokutana.

Mji Mkongwe una mlango wa ziada. Anayetaka kujenga au kukarabati nyumba huko hukutana na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, kwani eneo hilo ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000.

Kwa hiyo, msikilizaji, barua, ukaazi na ugomvi wa majirani vianzie kwa sheha. Soko, ada, taka na njia za ndani mpelekee diwani, na muulize baraza limepanga fedha kiasi gani kwa wadi yako. Sheha anawajibika kwa waliomteua. Diwani anawajibika kwako, na kila baada ya miaka mitano lazima arudi kukuomba kura.